Tarehe za picha za milango ya Mji Mkongwe: nilivyozipata

Nina picha nyingi za milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, na nilihitaji kujua kila moja ilipigwa lini, maana milango inakarabatiwa na mingine inang'olewa. Kwenye folda, tarehe ya kuundwa ilikuwa siku nilipozinakili kwenye kompyuta. Haikunisaidia kitu.

Kamera huandika taarifa ndani ya picha yenyewe, zinaitwa EXIF: siku, saa, lenzi, na pengine hata mahali. Natumia IrfanView, programu ya kutazama picha kwenye kompyuta. Ukifungua picha ukabonyeza herufi I, linakuja dirisha la taarifa, lakini kwangu kitufe cha EXIF hakikuwepo. Kumbe inahitaji plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, na hizo hupakuliwa peke yake. Zingatia hapa: programu ya biti 64 inataka plagini za biti 64, ukichanganya hazifanyi kazi. Nikaziweka, nikaifungua upya, kitufe kikatokea. Mlango mmoja wa misumari ya shaba ukanipa mpaka dakika uliyopigwa.

Zikabaki picha alizonirushia mwenzangu wa Chake Chake kwa simu. Tupu kabisa! Programu nyingi za ujumbe hubana picha na kufuta taarifa hizo. Nikamuomba anitumie tena kama faili, si kama picha, na zote zikaja na tarehe zake.

Jambo moja la kuangalia: EXIF hunakili saa ya kamera, kwa hiyo kamera ikiwa na saa mbovu, tarehe nayo itakuwa mbovu.