Gego la Mwisho: Yaliyonipata Birmingham na Ninayomwambia Mpwa Wangu Lamu

Nimerudi Lamu kwa likizo ya wiki 5, na kitu cha kwanza kilichonipokea nyumbani kwetu Mkomani, kabla hata hamali hajatua mzigo, ni shavu la mpwa wangu. Ana miaka 22, na gego lake la chini upande wa kulia limemvimbisha ufizi mara 3 tangu mwaka uanze. Daktari wa meno wa Mombasa amempiga eksirei, akamwonyesha jino lililolala kifudifudi na kichwa chake kimegota kwenye jino la jirani, kisha akampa tarehe ya Jumatatu ijayo. Tangu hapo kila anayepita kwenye daka letu ana lake la kumwambia, na mengi ni ya kutisha. Kwa kuwa mimi nilitolewa la namna hiyo hiyo Birmingham miaka 4 iliyopita, ameniomba nimweleze ukweli, nami nimeona niyaandike, kwani wapo vijana wetu wengi huko nje wanaolikabili jambo hili bila mtu wa kumuuliza.

Jino hili, ambalo wengine huliita jino la akili, kwa kawaida huchomoza kati ya miaka 17 na 25, wakati taya limekwisha kujaa. Likikosa nafasi huinama, au hutoka nusu na kubaki limefunikwa na kipande cha ufizi, na chini ya kipande hicho chakula hukwama, vijidudu huzaana, na uvimbe huja na kwenda. Antibiotiki hutuliza uvimbe huo kwa muda, lakini hazilisogezi jino. Nilipofika Uingereza nilidhani ningetolewa mara moja kama nilivyosikia wanavyofanya Marekani, ambako vijana wengi hutolewa yote manne hata kabla hayajauma. Nilijidanganya. Tangu mwaka 2000 mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unasema jino lililokwama lakini lisilo na ugonjwa liachwe lilipo. Ilinibidi nivimbe mara kadhaa, kila mara ikiandikwa kwenye faili, ndipo nikapelekwa hospitali, nako nikasubiri miezi 7. Wakati ule niliwalaani. Sasa naona wana hoja, kwa sababu upasuaji wowote una hatari zake, na jino lisilomsumbua mtu halina haja ya kuchokozwa.

Kung'olewa kwenyewe ndiko watu wanakokuogopa zaidi, na ndiko kwepesi kuliko yote. Unachomwa sindano ya ganzi, mdomo na ulimi upande ule vinakuwa vizito kama si vyako, kisha daktari anapasua ufizi, anapunguza mfupa kidogo, na mara nyingi analikata jino vipande ili litoke kwa urahisi. Maumivu huyasikii, ila unasikia msukumo na sauti. Mimi sauti ndiyo iliyonishinda: ule mlio wa jino kupasuka ndani ya fuvu lako mwenyewe, kama mtu anayevunja mlango wa msaji chumba cha pili. Ukiona maumivu makali, inua mkono, utaongezwa ganzi. Hakuna sifa ya kuvumilia. Kabla ya hapo muulize daktari kuhusu mishipa ya fahamu inayopita ndani ya taya la chini na kando yake, kwani jino likiwa limeikaribia, midomo au ulimi huweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na kwa watu wachache ganzi hiyo haiondoki.

Ukishashonwa unapewa shashi uing'ate kwa nusu saa au zaidi, na hapo ndipo kazi inapoanza. Ndani ya lile tundu damu huganda, na donge hilo ndilo linaloufunika mfupa na mishipa mpaka nyama mpya iote. Likitoka mapema, mfupa hubaki uchi. Kwa hiyo kwa saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara hata siku kadhaa baadaye, na usinywe kitu kwa mrija. Hili la mrija ninamkazia mpwa wangu kwa sababu ninamjua: hawezi kupita pwani bila dafu. Atamiminiwa kwenye gilasi.

Mimi sikuharibikiwa na dafu wala sigara. Niliharibikiwa na udhu. Nilirudi chumbani kwangu alasiri, nikatawadha kama nilivyozoea tangu chuo cha Kurani, nikajaza maji mdomoni na kuyazungusha kwa nguvu, nikayatema. Magharibi vivyo hivyo, na isha. Muuguzi alikuwa amenikataza kusukutua, lakini akili yangu ilifikiria dawa ya kusukutulia, haikufikiria sala. Baadaye nilipomsimulia mwalimu wetu wa chuo kwa simu, alisikitika kwanza kisha akanikumbusha kitu nilichofundishwa nikiwa na miaka 8: kwa madhehebu ya Shafii kusukutua katika udhu ni sunna, si faradhi, na ningeweza kukuacha.

Siku ya pili nilijiona mzima, nikajisifu. Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, na taya hukaza hata kijiko kikapita kwa shida. Hayo ni ya kawaida na hupungua yenyewe. Lakini siku ya 3 usiku, badala ya maumivu kupungua, yalipanda mpaka sikioni, yakaja na ladha mbaya na harufu niliyoinusa mwenyewe. Hilo ndilo wanaloliita tundu kavu. Si usaha, na si lazima kuwa kuna homa. Ni mfupa ulio wazi, na parasetamoli peke yake haikuniletea usingizi.

Asubuhi nilirudi hospitali. Daktari aliliosha tundu kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akafungua kichupa kidogo, na chumba kizima kikanukia jikoni kwa mama yangu siku ya pilau. Ilikuwa karafuu. Dawa ile ina eujenoli, mafuta yale yale yanayopatikana ndani ya karafuu, na alipoipachika kwenye tundu maumivu yalishuka kabla sijateremka kitini. Nilimpigia mama, ambaye wiki nzima alikuwa akinihimiza nitafune karafuu nami nikimjibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma karatasi ya hospitali. Alicheka mpaka simu ikakatika. Hata hivyo simruhusu amtilie mpwa wangu mafuta ya karafuu kwenye kidonda kibichi, maana yakiwa makali huunguza nyama; wala asprini kusagwa na kuwekwa kwenye ufizi, dawa ya jirani yetu mmoja, kwani nayo huunguza, na ikimezwa huzidisha kutoka damu.

Baada ya saa 24, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji vuguvugu, mara 4 au 5 kwa siku, kichwa kikiinamishwa huku na huku bila kusukutua kwa nguvu, kisha maji yaachwe yadondoke yenyewe. Siku mbili za mwanzo barafu shavuni, dakika 20 kwa vipindi. Sisi tumegandisha chupa ndogo za maji na tutazizungushia kipande cha leso. Akivuja damu isiyokoma kwa kung'ata shashi, akipata homa, au akishindwa kumeza au kupumua vizuri, ni hospitali hapo hapo, si kesho.

Chakula ndicho kilichonitesa zaidi ughaibuni, kwani niliishi peke yangu na kwa siku 5 nilikula supu ya kopo iliyopoa. Mpwa wangu ana bahati: mama amekwisha kutenga mchele wa uji, na bokoboko litapondwa laini lipoe kwanza. Achari na korosho zimepigwa marufuku. Tumekubaliana pia kwamba asipande basi la Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, siku ya pili yake. Atalala kwa shangazi yake Mombasa mpaka Ijumaa, siku ya 3 ipite akiwa karibu na daktari. Bibi yake amekubali yote hayo, ila jana usiku nilipoufungua mkoba wa safari nilikuta karafuu saba zimefungwa kwenye pembe ya leso, na nimeziacha pale pale.