Kikombe cha Bati

"Namba ngapi?" Hiyo ndiyo salamu ya benchi letu la kliniki ya moyo pale Muhimbili. Shikamoo inafuata baadaye.

Siku hiyo yangu ilikuwa 1.4. Muuguzi aliisoma, akanitazama, akaisoma tena. Mwenye vali ya bandia ya mitrali, mlango mmojawapo wa moyo, kama mimi (wenyewe tunaiita ya chuma, ingawa visahani vyake ni vya kaboni) INR yake, yaani kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, inatakiwa icheze kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaganda upesi. Bonge dogo tu laweza kuibana vali isifunguke, au likachomoka likapanda kichwani. Nilikuwa na wiki ya saba tangu nipasuliwe. Bado nililala chali, bado nikipiga chafya naona nyota.

"Unaruka dozi?"

Sikuwa naruka. Saa mbili usiku, kila siku, warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na Mama amesimama mlangoni na maji.

Nikarudi benchini na karatasi yangu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kilosa, vali yake aliwekewa India, enzi zile wengi walikuwa wakipelekwa huko. Aliichukua karatasi bila kuomba.

"Unakula nini, mjukuu wangu?"

Kabla sijafungua mdomo Mama alishajibu, tena kwa fahari: "Matembele. Mchicha. Kisamvu cha nazi. Alipoteza damu nyingi huyu, namrudishia."

Benchi zima likaguna. Kijana mmoja fundi cherehani, aliyepasuliwa juzijuzi tu, alicheka huku amekumbatia mto kifuani ili mshono usimuume.

Mboga za majani zina vitamini K, na warfarin inafanya kazi kwa kuipinga vitamini hiyo hiyo. Kila bakuli la Mama lilikuwa linakifuta kidonge changu. Tuliambiwa haya siku ya kuruhusiwa, sisemi uongo, lakini masikio yetu yalikuwa yameshatangulia Tanga.

Mama akanyamaza. Benchi nalo likanyamaza, mpaka vali zikaanza kusikika, tik-tik, kila moja na mwendo wake.

Nilijua anawaza nini. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ni pale daktari alipotueleza kwamba moyo wangu ulianza kuharibika utotoni, kwa maambukizi ya koo yaliyoleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikaitafuna vali taratibu kwa miaka. Koo lile Mama alilitibu kwa maji ya chumvi na tangawizi. Alilitibu kwa bidii, usiku kucha. Penisilini ndiyo iliyotakiwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Sikuwahi kumlaumu, ila yeye hajawahi kuniamini nikisema hivyo.

Bibi wa Kilosa alisogea, akamshika mkono.

"Hukukosea kumpa mboga, mwanangu. Umekosea kipimo. Leo bakuli, kesho hamna, keshokutwa sufuria. Damu itamsikiliza nani? Mimi nala kila siku, lakini kiasi kilekile, na dawa yangu daktari kaipanga kwa kiasi hicho." Kisha akauliza, kama jambo la maana kuliko yote, "Hicho kisamvu unatwanga au unasaga?"

"Natwanga," Mama alisema. Wakaendelea na kisamvu mpaka jina langu likaitwa.

Daktari aliongeza dozi, nikachomwa na sindano za tumboni kwa siku kadhaa mpaka namba ikapanda. Zile siwezi kuzisifu, zinaacha madoa kama umepigwa.

Tukiwa njiani kurudi kwa shangazi tulikofikia, Mama alitaka tushuke Kariakoo. Akanunua kikombe kimoja cha bati. Jioni alikijaza mchicha uliopikwa, akausawazisha juu kwa mgongo wa kisu kama muuza mchele, akaumimina kwenye sahani yangu.

"Kimoja," alisema. "Na kesho kimoja."