Sakafu ya ua wa nyuma, Kisauni: bado tuko kwenye kamba na chokaa

Ua wetu wa nyuma hapa Kisauni, Mombasa, ni mchanga mtupu, mwembe mmoja, kamba ya nguo na bomba la maji. Tunataka sakafu ya kukaa jioni, watu wanywe kahawa na kufuturu nje. Mume wangu alianza kupanga kwa rangi ya viti. Nikampokonya daftari, nikaanza na upepo.

Nyuma ya nyumba inatazama mashariki. Hiyo ni bahati, maana kuanzia alasiri nyumba yenyewe inatutilia kivuli, na jua la magharibi ndilo linalochoma. Lakini ukikaa ukiipa nyumba mgongo, kusi inakujia kwa pembe ya kulia na kaskazi kwa pembe ya kushoto. Kusi ikishika, Juni na Julai hasa, mchanga unaingia hadi kwenye sufuria. Kaskazi ni mambo mengine: Februari na Machi joto halisemeki, na kale kaupepo ndiko kanakotupa pumzi. Tena Ramadhani ya miaka hii inaangukia humohumo. Kwa hiyo upande wa kushoto hakujengwi kitu. Upande wa kulia, kwenye mchoro, kuna ukuta mfupi wa matofali ya matundu. Shemeji alitaka ukuta mzima, nikakataa. Upepo ukigonga ukuta mzima huruka juu ukaangukia upande wa pili ukizunguka, vumbi na yote. Ukipenya kwenye matundu huishiwa nguvu.

Tumechora kwa chokaa, mita 5 kwa 4, tukapanga viti vya plastiki na jiko la mkaa, kisha tukamwomba mama mkwe akae. Akakaa, akatazama kulia na kushoto.

"Mwanangu, na sinia litapita wapi?"

Kweli, kati ya viti na jiko hapakuwa na njia ya mtu aliyebeba sinia la pilau. Jiko limetolewa nje ya mstari, na baadhi ya viti vimefutwa. Badala yake ukuta wa matundu utajengewa baraza la mawe kwa ndani, sentimita 45 kwenda juu, ili mtu mzima aketi na kuinuka bila kushikwa mkono.

Fundi amekuja na mpira wake wa maji, ule unaoonyesha ndani. Aliujaza, akanipa ncha moja niishike ukutani, yeye akaenda na nyingine kwenye kigingi cha mbali. Maji yalipanda na kushuka, yakatulia, akapiga alama: huo ndio usawa. Kutoka alama ile tumeshusha sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, jumla sentimita 8. Mvua ya Mei si ya mchezo, na maji yakirudi ukutani, mawe ya matumbawe huyanyonya na plasta ikaanza kuchubuka. Mchanga wetu angalau unanywa maji haraka. Wenzetu wa Mikindani, kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea, wana kazi kubwa zaidi chini ya sakafu.

Mabishano makubwa yamekuwa juu ya kitu cha kutandika. Zege ni rahisi kumwaga, lakini bomba la majitaka linapita chini hapohapo, na likiziba utavunja sakafu yote kulitafuta. Mawe ya Mazeras, yale bapa ya kutandika, ninayapenda, hayatelezi yakilowa, ila uso wake hauko sawa na kiti cha plastiki kitacheza juu yake. Yatawekwa kwenye njia ya kwenda bombani tu. Sehemu ya kukaa itakuwa kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika, za unene wa milimita 60, za kijivu. Nyeusi mchana haikanyagiki. Kabro ukizihitaji unazing'oa, unafanya kazi yako, unazirudisha. Mfuniko wa shimo la majitaka nao hautafunikwa kwa kabro; atakayeweka mkeka juu yake, hiyo ni shauri yake.

Paa la makuti, ambalo mume wangu bado analitaja, halimo. Kivuli cha nyumba kinatosha jioni, na makuti karibu na jiko la mkaa sitaki hata kuyasikia.

Hesabu ya fundi: kifusi cha mawe sentimita 10 kikishindiliwa, mchanga 4, kabro 6. Maana yake tunachimba sentimita 20, yaani mita za ujazo 4 za mchanga wa kutoa. Mchanga wa kutandika tutanunua wa mtoni, na kabro tutaongeza kidogo kwa ajili ya zitakazokatwa pembeni.

Lori halifiki nyuma. Kila kitu kitapita kwa wilbaro kwenye kichochoro cha upande wa jikoni, ambako tangi la maji limeziba nusu ya njia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulihamisha tangi, na fundi bomba ameahidi kuja Jumamosi.