Nilivyofanikiwa kuwapima papa wa Kipini

Ukiambiwa utafiti wa papa ni kupiga mbizi na kamera, usikubali. Miaka yangu imeishia kwenye mchanga wa Kipini, pale Mto Tana unapomwaga tope baharini, nikisubiri mashua za jarife, zile nyavu za kunasia papa, zirudi. Na kazi yenyewe ingekufa mapema lau wakubwa wangeachiwa waiendeshe kwa simu.

Mkubwa mmoja, ambaye miguu yake haijalowa tope, alitushauri: "Wape semina, wape posho, takwimu zitakuja zenyewe." Pilau, soda, nauli, zikayeyuka elfu arubaini na ushei. Wavuvi wakasikiliza kwa adabu, wakatia sahihi, na kesho yake papa wakaanza kuletwa bila vichwa. Unajua, tangu Septemba 2014 mapezi ya papa nyundo hayavuki mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo mwenye kalamu na futi ufukweni ni mkaguzi tu, hata aape. Kumtambua nyundo aliyekatwa kichwa si kazi, pezi lake la mgongoni ni refu na limesimama wima. Ila urefu je? Utaanza kupima wapi?

Futi nikaiacha chumbani, nikahamia kwa akina mama wanaopasua na kutia chumvi. Wao ndio wanaojua nani kaleta nini na tumboni mlikuwa na nini. Mmoja alinikabidhi kisu kabla hajaniuliza jina. Chumvi ikiingia kwenye michubuko utakumbuka ukoo wako wote, na nikipanda matatu ya kwenda Garsen kiti cha jirani yangu kilikuwa hakikaliwi.

Sasa hila yangu, ambayo najivunia kuliko shahada. Nilinunua kamba ya nailoni, pesa ndogo tu, mia mbili hivi, nikapiga fundo kila sentimita kumi, nikaitundika kwenye nguzo ya banda. Kimya. Mzee mmoja akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, hii ya kufungia nini?"

"Ya kubashiri, babu. Papa yule pale ni mafundo ishirini."

"Yule? Hafiki kumi na nane!"

Tukawekeana chai na mahamri. Akamnyoosha mwenyewe, puani hadi ncha ya mkia, akanishinda, akatangaza diko zima. Haukupita muda manahodha wakawa wanazozana wao kwa wao, na papa asiye na kichwa akakataliwa mchezoni kwa kelele. Vichwa vikarudi! Kamba hurefuka ikivutwa sana, basi kila Ijumaa wakiwa msikitini naikagua kwa futi. Walipogundua naandika matokeo yao walicheka, wakaniita Mama Mafundo. Chai ilinila pesa, lakini haikufika robo ya ile semina.

Kamba ndiyo iliyoleta mazungumzo ya vidogo vya dhiraa moja. Wavuvi walishikilia kuwa hao ni aina nyingine, papa wasiokua. Karatasi ya 2019 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayosema papa nyundo yuko hatarini kabisa kutoweka, nilikwisha kuwasomea na hakuna aliyegeuza shingo. Safari hii nilimpindua mmoja chali. Katikati ya mapezi ya mbele palikuwa na ufa mdogo mwekundu, kitovu ambacho hakijafunga. Mama wa chai akaacha birika, akamwita mkwewe aje kuona. Kichanga cha wiki chache hicho! Jike huzaa kumi na kitu hadi arubaini kwa mkupuo, lakini haanzi mpaka apite mita mbili, na papa wa mafundo zaidi ya ishirini kwenye kamba yetu ni wa kuhesabika.

Maneno yaliyobaki waliyamaliza wenyewe kwenye kikao cha BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe. Mimi nilikaa nyuma na akina mama, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si jambo dogo. Manahodha kadhaa walikubali kusogeza jarife mbali na mlango wa mto vichanga vinapoanza kuonekana.

Mmoja amekataa katakata. Anasema mafuta ya kwenda mbali nitamlipia mimi? Simlipii, sina. Lakini kila akitua huvuta kamba kabla hajashusha hata ndoo, na kwa vichanga, takwimu zake ndizo nyingi kuliko za wote.