Fimbo Niliyoipika

Januari 1994, mjini Stockport, Uingereza, niliweka fimbo ya lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, juu ya hita ikauke. Haikuwa yangu. Mwenyewe alikuwa mzee aliyeichezea miaka ya 1930, akaniazima nijifunze kurusha nyuma ya nyumba yake. Mvua ilitunyeshea nusu saa nzima, nami nikaona joto litaisaidia.

Mzee alipoishika hakugomba. Alikunja kamba moja ya ngozi, ikapasuka. "Umeipika, kijana," akasema, akaenda kutafuta koleo.

Mti wenyewe ni hikori, mti mgumu wa Amerika Kaskazini, uliofukizwa kwa mvuke hadi ukalegea, kisha kichwa kikapindwa kama mkono wa bakora. Kutoka kwenye pindo hilo huteremka kamba nene za ngozi hadi mpinini, na katikati yake husukwa nyuzi za utumbo. Upande ulio wazi, utumbo hukazwa ukawa kama ukingo unaozuia mpira usitoke. Mpira ni raba tupu, gramu 140 hivi.

Kila kamba hupita kwenye tundu lake na kufungwa fundo, na kazi yote iko kwenye fundo hilo. Ngozi ikilowa hurefuka, mfuko, yaani wavu unaoushika mpira, unazama, mpira unachelewa kutoka na kukita chini mbele yako badala ya kumfikia mwenzako. Mzee alisema wao walikuwa kazini Jumamosi asubuhi na kiwanjani alasiri, na mapumziko yakifika, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, kila mtu anahangaika na mafundo yake. Wachezaji 12 kila upande, na hakuna aliyekufungia.

Tulikata kamba mpya, tukailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, tukaitundika msumarini na tofali chini yake. Ukiifunga bila kuivuta kwanza, mvua ya kwanza tu mfuko unakuwa kikapu.

Tofali likining'inia, akanisimulia Amsterdam 1928, lakrosi ilipochezwa kama mchezo wa maonyesho kwenye Olimpiki. Marekani waliifunga Kanada 6-3, Uingereza wakawafunga Marekani 7-6, kisha Kanada wakawafunga Uingereza 9-5. Timu tatu, kila moja imeshinda moja na kupoteza moja. Yeye wakati huo alikuwa mtoto; matokeo aliyataja kama mtu anayetaja majina ya wanawe.

Tulifunga kamba ikiwa bado na unyevu. Akajaza magazeti makavu ndani ya mfuko yanyonye maji, akayabadilisha mara mbili. Mafuta ya kitani aliyapaka kwenye mti peke yake, na siku ya pili, ulipokauka. Nilipotaka kupaka na ngozi akanipiga kofi la mkono: mafuta mengi huilegeza, unarudi pale pale.

Nilirusha tena ukutani. Mpira wa kwanza ukakita chini. Akavuta fundo moja, labda nusu sentimita, akanirudishia fimbo bila neno. Wa pili ukapiga ukuta usawa wa kifua changu.

Jioni aliitundika mwenyewe ukumbini, mbali kabisa na hita.