Taa wa visiwani: tazama mkia kabla ya rangi

Samaki bapa aitwaye taa, mwenye madoa ya buluu, akionekana Unguja, Pemba au Mafia, wengi humpa jina moja tu. Lakini wapo wawili, na ukitaka kuwatofautisha usihangaike na madoa. Angalia mkia.

Wa kwanza kitaalamu huitwa Taeniura lymma. Mwili wake ni wa mviringo, upana kama sentimita 35, madoa ya buluu kali. Mkia ni mnene, una mistari miwili ya buluu, mmoja kila upande, na kwa chini una utando wa ngozi unaofika hadi nchani. Mchana hujificha chini ya matumbawe na mara nyingi huacha mkia nje. Hiyo mistari miwili ikionekana, inatosha. Wa pili, Neotrygon caeruleopunctata, mwili wake una kona mabegani, mkanda mweusi unaopita machoni, na pete nyeusi na nyeupe kuelekea ncha ya mkia. Huyu hujifukia mchangani yakabaki macho tu.

Mwiba nao unasaidia. Wa lymma umekaa mbali na mwili, kupita nusu ya mkia, kwa hiyo anaweza kumfikia mtu anayedhani amesimama mbali. Ila usimhukumu taa kwa kukosa mwiba: hukatika na kuota upya. Unapopita kwenye maji ya magotini, buruta miguu mchangani ili taa akusikie akimbie. Ukichomwa, loweka jeraha kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, maana joto hupunguza maumivu ya sumu, kisha nenda hospitali. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, kidonda huoza.

Kwa nyenga, yaani taa, wakubwa makosa ndiyo mengi. Himantura uarnak mdogo ana madoa meusi, na akikua madoa hugeuka mtandao kama sega la nyuki, hivyo mtu huandika aina mbili kumbe ni samaki yule yule. Mkia wake ni mjeledi mwembamba, karibu mara tatu ya upana wa mwili, hauna utando hata kidogo. Taeniurops meyeni ana mwili wa duara, mabakabaka ya kijivu na meusi, na mkia mfupi wenye utando mweusi mpana. Mkia ukiwa umekatika, usipime urefu. Chunguza kipande kilichobaki kama kina utando.

Taa aitwaye pungu hana shida: kichwa kimechomoza, mgongo mweusi wenye madoa meupe, na mwiba uko kwenye shina la mkia. Taa aitwaye manta mdomo uko mbele ya kichwa, wakati jamaa zake wadogo mdomo uko chini. Manta wa miambani huwa na madoa meusi tumboni katikati ya matamvua; yule wa bahari kuu sehemu hiyo haina madoa.

Kisha yuko Rhynchobatus, jamaa wa taa, ambaye mnadani huitwa papa kwa sababu ya mapezi na mkia wake. Mgeuze: matamvua matano kila upande yako tumboni. Papa matamvua yake yako ubavuni. Aina nyingi za jamii hii zimo hatarini kabisa kutoweka duniani, kwa hiyo anayejaza daftari la mavuo asimwandike papa.