Usiku Mjomba Aliponikataza Kutafsiri

Mjomba wangu wa Mikindani alikuwa mvuvi na mpenzi mkubwa wa taarabu, na Kiingereza hakukijua hata cha salamu. Juni 2006 kusi ilikuwa imeshika na vyombo vimepandishwa pwani. Binamu yangu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na DVD za The Blue Planet, ule mfululizo wa BBC wa 2001 kuhusu bahari. Mimi, kwa kuwa nilikuwa sekondari, nikapewa kazi ya kutafsiri maneno ya msimulizi wake, David Attenborough.

Nyangumi wa buluu akatokea. Nikaeleza kwamba ulimi wake pekee una uzito wa tembo. Sijafika kwenye moyo unaolingana na gari, mjomba akainua mkono.

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Hizo fidla zinasema."

Fidla alizijua za taarabu: mbili tatu hivi, pembeni ya udi na ganuni. Hizi zilikuwa makumi, za BBC Concert Orchestra, zikipanda na kushuka kama pumzi moja, na chini yake sauti nzito za besi. Mjomba alishakutana na nyangumi upande wa Msimbati. Akasema mnyama yule akizama huwa hivyo hivyo, hana haraka, maji ndiyo yanayompisha.

Kisha wakaja nyangumi wauaji, wakimwandama nyangumi wa kijivu na mwanawe. Uwindaji wenyewe ulichukua zaidi ya saa sita. Sisi tulioneshwa dakika chache. Zile saa zilizokatwa, uchovu wa yule mama, vilitufikia kwa muziki. Mtoto bado anaogelea ubavuni kwa mamaye, mjomba akasema taratibu, "Huyu hatopona." Hakuna aliyemtafsiria neno. Nilikuwa napiga tarumbeta katika bendi ya shule, nikidhani najua muziki, lakini sikuwahi kuona mtu akiuelewa namna ile.

Mtunzi wa muziki huo ni George Fenton, Mwingereza. Kazi ya aina hii huwa ngumu kuliko inavyosikika: picha zimeshakatwa, kila sekunde ina mwenyewe, na sauti ya msimulizi lazima iachiwe nafasi. Ndani ya ufinyu huo Fenton alitunga muziki unaosimama peke yake. Ulikuja kupigwa kwenye kumbi za tamasha, okestra jukwaani na bahari kwenye skrini kubwa nyuma yao. Filamu ya Deep Blue, iliyotokana na mfululizo huo, muziki wake ulipigwa na Berliner Philharmoniker, okestra ambayo wengi huiweka miongoni mwa bora duniani. Wanaosema huu ni muziki wa kujazia ukimya tu, naamini hawajaupa masikio.

Usiku ule tulirudia sehemu ya nyangumi wa buluu mpaka binamu akalalamika kwamba tutaikwaruza DVD yake. Mjomba alikuwa amefumba macho.

Shule ilipofunguliwa nilimfuata mwalimu wa bendi. Tulikuwa tukipiga nyimbo za gwaride tu, kwa nguvu zote. Nikamwomba tujaribu wimbo mmoja polepole, tarumbeta ziingie chini chini, moja baada ya nyingine. Akaniuliza nimeyasikia wapi mambo hayo. Nikamwambia kwa mjomba, Mikindani, na Ijumaa ile tukaanza mazoezi.